YULE WA GETINI PALE SHAMBA LA WANYAMA: ETI "SUBIRINI ITOKE"!!!

Wakuu, naandika nikiwa bado na viatu vyenye mavi ya mbuzi. Sijaoga, sijala, shati lina mate ya ngamia. Nimefika nyumbani nusu saa iliyopita na kwa hasira niliyonayo ukiniwekea sufuria ya maharage kichwani yanaiva bila magadi.

Nyie wote mnamjua. Kama umewahi kupeleka watoto kule shamba la wanyama, ile njia ya Bagamoyo, unaacha lami unaingia vumbi, huwezi kuwa hujakutana naye. Yule wa getini. Kofia ya ukindu, filimbi shingoni kama refa wa ndondo. Simtaji jina, sina haja ya kumtaja.

Leo si Nane Nane? Mama mkwe yuko kwangu wiki ya pili sasa, katoka Shinyanga, hajatia mguu nje ya geti. Mke wangu akasema tumtoe mama, na watoto nao wakashike sungura. Nikakubali kwa moyo mmoja. Mkubwa 10,000, mtoto 5,000. Tulikuwa wakubwa watatu na watoto wanne, maana jirani alitupakilia wa kwake wawili wakati tunawasha gari. Jumla 50,000. Nimelipa kwa mkono wangu huu, nimempa YEYE mwenyewe, akanikatia risiti, akanitazama usoni akasema, "Karibu sana baba." Alinitazama usoni! Mkumbuke hilo.

Pale getini mama mkwe akaniuliza kwa upole, "Baba, tunalipa kuona mbuzi?" Mama ana mbuzi wake kule kwao kama sitini, wanapita mlangoni kila asubuhi. Nikamwambia hapana mama, si kuona tu, kuna na kuwalisha. Akanyamaza. Wenye wakwe mnaujua ule ukimya.

Tukaingia kwa mbuzi. Jamani, wale si mbuzi, ni wanamgambo. Majani ya kuwalisha kifurushi 2,000, majani yenyewe ni yale yaliyojaa kwenye kiwanja changu ninachoshindwa kukijenga. Mwanangu wa miaka mitano kashika majani kulia, kushoto kashika risiti, alililia aibebe yeye, anasema ndiyo tiketi ya ngamia. Akaja beberu mmoja mweupe, ana ndevu kama mwenyekiti wa kijiji. Akayapita majani ya 2,000. Akachukua risiti. Akatafuna huku ananiangalia.

Sawa. Mnyama ni mnyama, sikukasirika. Tukaenda upande wa pili kwenye ngamia, mbuni na sungura. Kumbe kuna geti la pili. Na nani kasimama geti la pili? Yeye yule yule! Kapita njia ya mkato. "Risiti." Nikamweleza. Mke wangu akamweleza. Mtoto akamweleza kwa vitendo. Na beberu mwenyewe anaonekana pale, mita kumi, kipande cheupe bado kinaning'inia mdomoni. Nikamwonesha kwa kidole. Yule mtu akageuka, akamtazama beberu, akanitazama mimi, akatamka, mbele ya mama mkwe wangu:

"Kama iko tumboni, subirini itoke."

SUBIRINI ITOKE.

Mbele ya mama mkwe! Mtu ambaye mimi nikitaka kukohoa natoka kwanza nje! Miaka tisa najenga heshima kwa yule mama, tofali kwa tofali, leo nasimamishwa juani nisubiri mavi ya mbuzi kama nasubiri majibu ya maabara. Subirini. Itoke. Hivi mtu analala, anaamka, anapiga mswaki, anakuja kazini kusema hivyo?

Nililipa tena. Ndiyo, 50,000 nyingine, mtoto alishaanza kulia kwa sauti ya king'ora. Ngamia akanitemea. Sungura hata sikumwona, macho yalikuwa yamejaa ukungu wa hasira.

Kurudi, gari zima kimya. Tulipofika Tegeta mama mkwe akasema kitu taratibu kwa Kisukuma, mke wangu akacheka mpaka akaegemea dirisha. Nikauliza kasemaje. "Hamna."

Subirini itoke!!!


Mzee wa Siti ya Dirishani
Nimewahi siti. Kahawa na kashata tafadhali.

Kibuyu Kikavu
Nimecheka mpaka konda kaniuliza kama nashuka. "Subirini itoke." Huyo mtu mpeni jimbo agombee.

Mleta uzi
@Kibuyu Kikavu unacheka nini? Ingekuwa mkwe wako ungecheka?

Kibuyu Kikavu
Mkwe wangu simpeleki kuona mbuzi mkuu. Umemtoa mama Shinyanga, kilomita karibu elfu moja, umlipie kiingilio aone beberu? Kesho mpeleke Coco Beach aone mchanga.

Mama Pacha
Pole kaka. Namjua huyo, namjua vizuri. Mwaka jana binti yangu kampakata sungura, hajamaliza hata kumpapasa, filimbi! Eti dakika zimeisha. Akamnyanyua yule sungura KWA MASIKIO. Jamani sungura habebwi masikio. Unaweka mkono mmoja chini ya kifua, mwingine unamkalisha makalio, maana akirusha ile miguu ya nyuma hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Binti yangu ana miaka saba na hilo analijua. Halafu kunawa: bomba moja, sabuni hakuna, watoto hamsini wametoka kushika mavi wanaingia kula chipsi. Tuliharisha nyumba nzima mpaka dada wa kazi.

Mleta uzi
Umeona? Umeona dada yangu? Na wewe alikujibu kwa dharau? Maana mimi aliniambia SUBIRINI ITOKE.

Dokta Mifugo
Naomba nichangie kitaalamu. Isingetoka. Mbuzi anacheua, tumbo lake lina vyumba vinne, na kile kikubwa cha kwanza kimejaa vijidudu ambavyo kazi yao ni kuvunjavunja nyuzinyuzi za mimea. Karatasi nayo inatokana na miti. Kitakachotoka ni vile vidonge vya kawaida, hakuna herufi wala mhuri. Ila zile karatasi za mashine huandika kwa joto, zimepakwa kemikali, si za kumwachia mnyama atafune. Na kinachoua mbuzi wengi kwenye mashamba ya kutembelea si risiti, ni nyie wageni. Mkate, ugali uliobaki, mahindi, keki ya besidei. Wanga ukizidi ghafla tumbo linakuwa na asidi, mnyama anavimba, usiku anakufa, wewe uko kwako unaangalia picha ulizopiga.

Mleta uzi
KWA HIYO ALIJUA HAITATOKA!!! Alitaka tusubiri kitu kisichokuja!!! Dokta Mungu akubariki, nimemsomea mke wangu.

Chai Rangi
Hii ni chai. Bila picha ya beberu uzi haujakamilika.

Dai Chako
Risiti ilikuwa ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, au ya kitabu? Kama ni EFD mashine inatunza kumbukumbu, angebonyeza aone. Kama ni ya kitabu nakala inabaki chini. Tuliambiwa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Hakuna aliyesema ukishaidai umkabidhi mtoto wa miaka mitano.

Mleta uzi
Ya mashine! Na mashine alikuwa nayo kiunoni! Kwa hiyo angeweza kubonyeza, akachagua kusema vile.

Mjukuu wa Nahodha
Afadhali wewe kaka wa bara, umetukanwa nchi kavu. Miye mwezi uliopita nimempeleka baba yangu kisiwa cha Changuu, hapa Zanzibar, kuwaona makobe. Baba ana miaka 78, hajawahi kuwaona, na kazaliwa Mjini. Nahodha wa boti (wa pale Forodhani wote mwamjua, simtaji) tumepatana bei vizuri. Tumefika, tumewalisha mboga, baba kafurahi kama mtoto. Wale makobe asili yao Aldabra, wa mwanzo wanne waliletwa zawadi kutoka Shelisheli 1919, na wengine wameandikwa umri wao mgongoni kwa rangi. Baba kamkuta kobe mkubwa kuliko yeye akamwamkia shikamoo. Haya, twarudi botini, nahodha atwambia bei ile ilikuwa ya kwenda. KWENDA. Kurudi bei nyengine. Jamani, mtu hupatana bei ya kwenda kisiwani akakaa huko na makobe? Wallahi namuwaza mpaka leo.

Mama Pacha
Ya kwenda tu!! Huyo na wa getini mama yao mmoja.

Kibuyu Kikavu
Hahaha mzee kamwamkia kobe. Huyo ndiye mtu mwenye adabu kwenye uzi huu.

Mleta uzi
Pole ndugu wa Zanzibar, lakini wewe uliambiwa bei. Mimi niliambiwa nisubiri kinyesi. Si sawa.

Gongo la Mboto Finesti
Mimi nilipoenda Changuu mwanangu nilimkalisha juu ya kobe nikampiga picha safi sana.

Mjukuu wa Nahodha
Ulimkalisha?! Walinzi walikuwa wapi? Kobe hakaliwi! Gamba ni sehemu ya mwili wake, lina uhai, ukimkwaruza ahisi. Mnyama ana miaka zaidi ya mia, amewaona masultani na wajukuu zao, aje akaliwe na mtoto mwenye kaptura ya Spiderman?

Gongo la Mboto Finesti
Kobe wa kilo mia mbili na ushee ataumizwa na mtoto wa kilo 15? Acheni mambo yenu.

Mjukuu wa Nahodha
Nawe ukaliwe tuone.

Wambui wa Rongai
Nyinyi mnapigania kobe, mimi nina shemeji. Hamumjui lakini mnamjua, kila familia iko na mmoja. Tulipanga kupeleka watoto kwa ndovu yatima wa Sheldrick, kile kituo cha kulea ndovu pale Nairobi National Park. Ile ziara ya asubuhi ni ya muda wa saa moja pekee, saa tano mpaka saa sita, na lazima ulipie mapema. Tukiwa karibu kufika shemeji anakumbuka amesahau chaja. CHAJA. Akarudi Rongai na gari yetu! Tukafika ndovu wamemaliza maziwa, tunaona mikia ikiingia msituni. Mtoto wangu amechora ndovu shuleni, amechora matako pekee. Mwalimu ameniita.

Kibuyu Kikavu
Matako pekee!! Uzi bora wa mwaka.

Wambui wa Rongai
Sijamaliza. Ndiyo tusirudi mikono mitupu, tukaenda kwa twiga, Giraffe Centre, si mbali. Pale wanafuga twiga wa aina ya Rothschild tangu 1979, unawalisha kwa mkono kutoka kwa jukwaa. Mimi nikaweka kile chakula katikati ya midomo, twiga akanibusu na ulimi wa karibu nusu mita, mweusi. Raha sana! Sasa bwanangu mpaka leo hataki kunibusu. Wiki mbili. Anasema nilianza mimi. Na shemeji ndiye amemwekea hayo maneno.

Mama Pacha
Dada, huyo shemeji anahama lini?

Bandari ya Kale
Mombasa tuliwazoea wanyama wenye akili. Haller Park, lile shimo la machimbo la zamani pale Bamburi lililogeuzwa msitu, ndiko alikoletwa Owen, kiboko mtoto aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004. Akamng'ang'ania kobe aitwaye Mzee, wakala pamoja, wakalala pamoja. Kiboko na kobe walielewana, nyinyi na mtu wa geti mmeshindwana kwa karatasi.

Mleta uzi
WAKUU. Turudini kwenye mada. Mada ni SUBIRINI ITOKE. Si kobe, si twiga, si shemeji wa Rongai.

Jiwe la Capri Point
Njooni Mwanza nyie watu wa Dar. Kisiwa cha Saanane unakiona ukiwa mjini, unapanda boti dakika chache, ndiyo bustani ya wanyama ya kwanza Tanzania, 1964, tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Swala, pimbi juu ya mawe, upepo wa ziwa, na hakuna beberu wa kukulia risiti. Mleta uzi, swali moja. Mimi ni Msukuma. Mama alipoongea kule Tegeta, ulisikia neno "mbuli"?

Mleta uzi
Nilisikia. Kama mara tatu. Na wakati anasema aliniangalia kupitia kioo cha mbele. Maana yake nini?

Jiwe la Capri Point
Pole sana mkuu.

Mleta uzi
Maana yake nini???

Mzee wa Siti ya Dirishani
Kahawa imeisha, ongezeni.

Gongo la Mboto Finesti
Samahani wakuu, huyo beberu mweupe ni wa kienyeji au chotara? Mwenye kumjua anaweza kujua kama wanamuuza?

Dokta Mifugo
Kwa maelezo ya rangi na ndevu huenda ana damu ya Saanen, wale mbuzi weupe wa maziwa, lakini siwezi kusema bila kuona masikio na kimo.

Gongo la Mboto Finesti
Nina majike manne nyumbani nataka niboreshe uzao. Pugu mnadani nimeenda Jumamosi wananitajia bei kama nanunua pikipiki.

Mama Pacha
Pugu usinunue mwenyewe, dalali akikuona umevaa viatu visafi tu umekwisha. Mimi nilipigwa pale, subiri nikusimulie. Alikuwa mmoja mfupi hivi, ana fimbo ya rangi mbili, wote mnamjua...