Eti "hela ya afya ni hela iliyoliwa"!

Wakuu, mmemsikia yule bwana wa majedwali? Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kasimama mbele ya kadamnasi, kakohoa mara tatu, katamka: "Hela ya afya ni hela iliyoliwa." Iliyoliwa! Kwani chanjo inatafunwa?

Ushahidi wake kwamba afya haikuzi uchumi ni grafu moja tu: matumizi ya afya mwaka huu, ukuaji wa Pato la Taifa mwaka huohuo. MWAKA HUOHUO! Mtoto anayechanjwa leo anaingia kazini baada ya miaka 15 au 20. Halafu mdororo ukipiga, pato linashuka, mishahara ya wauguzi iko palepale, basi asilimia ya pato inayokwenda afya inapanda yenyewe. Yeye anaona afya imeua uchumi. Iliyoliwa! Grafu ile ifungwe jela.

Jedwali_Tupu: Punguza jazba mkuu. Wachumi Acemoglu na Johnson, utafiti wao wa 2007: umri wa kuishi ulipanda, idadi ya watu ikapanda, pato la kila mtu halikupanda. Bwana hajaokota jalalani.

Mwenye uzi: Hao walipima umri wa kuishi, si fedha iliyotumika! Na hawakusema "iliyoliwa".

Mzee wa Vifungu: Mnabishania asilimia iliyotengwa. Iliyotengwa si iliyotolewa! Fedha inafika mwezi wa mwisho wa mwaka wa fedha, zabuni haijatangazwa, inarudi hazina. Dawa hakuna, ukuaji utoke wapi? Kule Abuja 2001 viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 kwa afya.

Sindano: Asilimia 15 ya BAJETI, si ya Pato la Taifa. Kila uzi lazima mtu achanganye.

Mzee wa Vifungu: Nani kachanganya?

Kobe: Marekani inatumia zaidi ya asilimia 16 ya pato lake kwenye afya, Japani inatumia pungufu na watu wake wanaishi zaidi. Bei za juu na makaratasi ya bima ndiyo yanakula hela.

Dirisha la Dawa: Usinikumbushe bima! Msimbo mmoja wa ugonjwa ukikosewa kwenye fomu, dai la malipo linarudishwa. Kituo hakilipwi, stoo inakauka, mgonjwa anatoa mfukoni. Ikivuka asilimia 10 ya matumizi ya kaya, kwa kipimo kilichotumiwa miaka mingi na Shirika la Afya Duniani (WHO), hiyo ni janga.

Mwenye uzi: Jamani, turudi kwenye "iliyoliwa".

Kobe: Subiri kwanza. @Dirisha, dai likirudi mnajaza fomu nzima upya?

Dirisha la Dawa: Nzima. Na sahihi ya daktari upya.

Sindano: Hao wa sahihi wafunguliwe uzi wao.