Ushauri: nataka kutoa albamu tulivu ya kiroho baada ya kuacha muziki miaka mingi. Gitaa au sauti tupu?

Msafiri wa Kale (mtoa mada)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mtu mzima, wajukuu ninao. Ujanani nilikuwa mpigaji, bendi yetu ilijulikana kidogo, kisha nikashika dini nikaachana na mambo hayo. Sasa mwanangu wa mwisho kaleta gitaa nyumbani na usingizi umenikimbia. Watu wakishalala nalichukua, napapasa.

Nasikiliza sana An Other Cup, albamu ya 2006 ya Yusuf Islam, yule mwimbaji Mwingereza. Alikuwa hajatoa albamu ya namna hiyo tangu Back to Earth ya 1978, ambayo jaladani bado iliandikwa Cat Stevens, jina lake la usanii kabla ya kusilimu. Mle ndani hakuna anayepiga kelele. Gitaa la mbao liko mbele, kinanda kwa mbali, na mzee wa miaka 58 anaimba kama mtu asiyekimbizwa na chochote. Nami nina nyimbo zangu za kumshukuru Mungu, za mwendo huo huo. Nizirekodi kwa gitaa, au niende na sauti tupu na dufu nisije nikawaudhi watu? Na kwa umri huu nitapata wa kunisikiliza? Naomba ushauri wa kistaarabu, matusi sijibu.

Jongoo Mwenye Viatu
Naweka kambi hapa. Mzee endelea kupapasa, litakubali.

Ustadh Mdogo
Shikamoo mzee wangu. Katika suala la ala wanazuoni wametofautiana tangu zamani: wapo wanaokataa zote isipokuwa dufu, na wapo wanaotazama maneno na mahali yanapoimbwa. Huyo Yusuf unayemsikiliza kapita njia zote mbili. Alisilimu 1977, akaweka ala chini, 1979 akayanadi magitaa yake na fedha zikaenda kwenye hisani. 1995 aliporudi studio alisimulia maisha ya Mtume, gitaa halimo. Halafu 2014 akaandika kitabu kueleza kwa nini bado anabeba gitaa. Sasa wewe unakuja kuomba fatwa kwa Jongoo? Muda huo wa usiku ungehifadhi juzuu ungekuwa umefika mbali.

Jongoo Mwenye Viatu
Ustadh, mimi nimekukosea nini?

Mama Pacha
Baba, fanya, ila wahurumie watu wa nyumbani. Wangu alipostaafu alinunua kinanda. Anajua wimbo mmoja, na wenyewe anaujua mwanzo tu, akifika pale unapopanda anasema "hapa patakuja" anarudi mwanzo. Siku moja nikaanza kuumalizia mwenyewe jikoni kwa mdomo, akanuna hadi kesho yake. Wanaume mkizeeka muziki unawaingia kama homa. Afadhali wako wa kumtaja Mungu.

Nyuzi Sita
Nimepiga gitaa maisha yangu yote, nijibu ulichouliza. Piga gitaa. Utulivu wa albamu ile hauji kwa kupunguza vyombo, unakuja kwa sababu nyimbo nyingine zilishalala kwake miaka. "I Think I See the Light" ilikuwemo kwenye Mona Bone Jakon ya 1970, akaiimba upya. Kwenye "Heaven/Where True Love Goes" kuna kipande alichokitoa kwenye "Foreigner Suite" ya 1973, kazi ya dakika 18 iliyojaza upande mzima wa sahani. Hata "The Beloved", aliyoimba na Youssou N'Dour wa Senegal, haikimbii.

Na mimi nina swali. Za kwako ni mpya au ni za bendi? Umesema "bendi yetu", halafu wenzako hatujawasikia tena.

Msafiri wa Kale
Ni mpya kwa sehemu kubwa. Bendi ilikufa, bendi zote hufa. Tusitoke nje ya mada.

Nyuzi Sita
Kwa sehemu kubwa?

Mama Pacha
Hapo pa "sehemu kubwa" na mimi nimepasikia. Baba sema, humu hakuna anayekufahamu.

Msafiri wa Kale
Basi. Tulikuwa wawili wenye bendi, mimi gitaa la rizimu, lile la kushikilia mwendo, na sauti, mwenzangu gitaa la solo. Niliposhika dini nilimfuata nyumbani kwake, nikamwambia fedha ya muziki haina baraka na wanawe wataila hadi lini. Aliniamini kuliko nilivyojiamini mimi. Akauza vyombo vyote. Gitaa lake la solo lilichukuliwa na mtu wa baiskeli, akalifunga nyuma kwa mpira, na jamaa akabaki mlangoni analitazama mpaka kona. Kazi nyingine hakuijua, akaishia kulinda usiku. Hatujaongea tangu wakati ule.

Sasa mnielewe. Mmoja kati ya nyimbo hizi ulikuwa wetu wa mapenzi, maneno yangu, nami nimeyageuza yawe ya kumshukuru Mungu. Yale mapigo ya kuingilia ni yake. Lakini tuliutunga pamoja tumekaa tukingoja usafiri, hakuna karatasi. Pia yeye aliapa hatagusa muziki tena. Nikimfuata leo nitakuwa namvunjisha kiapo. Studio nimeshalipa, sauti nimeshaingiza, Ijumaa wanachanganya.

Ustadh Mdogo
Aliapa kwa sababu yako, mzee. Haki ya mja haisamehewi mpaka mja mwenyewe asamehe. Suala la dufu sasa ni dogo sana.

Nyuzi Sita
Kumbe ulishaingia studio, hapa umekuja kutafuta wa kukupigia makofi. Mkuu, uliyemchagua kuwa mfano wako anakusuta mwenyewe. Zile nyimbo za zamani nilizozitaja, Yusuf aliokota zake mwenyewe. Na aliporudi jukwaani, Alun Davies, mpiga gitaa wake wa miaka ya 1970, alikuwa tena pembeni yake. Uzee wa sauti unaufuata, huyo wa pembeni unamruka.

Hilo la "hakuna karatasi" lisikudanganye. The Flaming Lips, bendi ya Marekani, walitoa "Fight Test", watu wakasikia humo "Father and Son" ya huyo huyo Yusuf, na mwisho mapato yakagawanywa. Mapigo ya solo yanajulikana mwenyewe. Mtu aliyewahi kuyapiga akiyasikia redioni kwenye kibanda cha ulinzi saa nane za usiku hatahitaji hati.

Msafiri wa Kale
Hayo mapigo nimeyabadilisha. Niliyashusha, na nayapiga taratibu zaidi. Na wimbo ni wa kumtukuza Mungu, hauna faida ya kugombania. Mnajadili kana kwamba mimi ni mwizi.

Mama Pacha
Kama hauna faida, jina lake litakupunguzia nini?

Shahidi wa Pili
Nimesoma uzi wote. Wakuu mnachezewa. Mtoto kaleta gitaa nyumbani, baba mcha Mungu aliyekuwa mwanamuziki kalishika wakati hakuna anayemwona, nyimbo zikaanza kumrudia. Hiyo ni habari ya Yusuf na mwanawe, kaisimulia mwenyewe kwenye mahojiano chungu nzima. Mtoa mada kaondoa London, kaongeza mlinzi ili tulie. Hii ni chai, hadithi ya kutunga, na wala siyo ile ya albamu yake Tea for the Tillerman.

Jongoo Mwenye Viatu
😂😂 Ustadh kashatoa na fatwa ya bure.

Ustadh Mdogo
Hukumu ni sahihi hata kama kisa ni cha kutunga.

Msafiri wa Kale
Ndiyo maana nilisita kuandika humu. Gitaa la kijana wangu shingo imepinda, uzi wa pili ukiubana karibu na tumbo hautoi sauti, unagonga chuma tu. Usiku nachomeka soksi chini ya nyuzi, pale zinapofungiwa, lisisikike chumba cha pili. Ncha za vidole zilishakuwa laini, zinachubuka, asubuhi naficha mkono nikinawa. Haya, na hilo nimelitoa kwa Yusuf?

Nyuzi Sita
Soksi ni kweli, sote tumefanya. Huyu anapiga gitaa.

Kunguru Mtulivu
Nami naamini gitaa. Ninachouliza ni nani amelishika.

Rudini pale alipofunguka. Mtu wa baiskeli, mpira, jamaa kubaki mlangoni mpaka kona. Ulikuwa wapi wewe? Unasema hamjaongea tangu wakati ule, basi habari hiyo umeipataje kwa undani huo? Kwa upande wako hujatuambia hata gitaa lako mwenyewe lilikwenda wapi. Na mtu wa rizimu asiyegusa gitaa miaka yote hiyo hakai usiku kuhangaika na uzi wa pili karibu na tumbo. Huko hukaa mtu wa solo.

Mimi nasema mtoa mada ndiye mlinzi. Kasikia mwenzake kaingia studio, anataka kujua sisi tutasemaje.

Jongoo Mwenye Viatu
Uwiii. Nimesimama.

Mama Pacha
Kunguru jamani. Nimerudi kusoma juu, mwili umenisisimka.

Msafiri wa Kale
Habari mtu anaweza kusimuliwa. Watu wanaongea. Na wapigaji wa rizimu nao wana vidole, hakuna sheria ya kutopanda juu. Kila mtu humu amekuwa mpelelezi, na nilichouliza hajajibu mtu zaidi ya mmoja.

Kunguru Mtulivu
Ulisimuliwa na nani?

Shahidi wa Pili
Mimi bado nasema chai. Ila imekuwa tamu, naongeza kikombe.

Nyuzi Sita
Ukiwa wa rizimu, Ijumaa kabla hawajachanganya mwambie fundi aandike majina mawili, kisha mpigie mwenzako simu. Ukiwa wa solo, nenda na wewe hapo studio. Mlango ni huo huo.

Msafiri wa Kale
Nitawajuza.

Mama Pacha
Waliosema "nitawajuza" humu hawajawahi kurudi. Baba, angalau tuwekee hayo mapigo ya kuingilia tuyasikie.

Jongoo Mwenye Viatu
Kashatoka, taa yake imezimika. Nyuzi Sita, mimi huyo Yusuf simjui kabisa, naanzia wapi?

Nyuzi Sita
Chukua "I Think I See the Light" ya 1970, ukimaliza weka ya 2006 palepale. Ya kwanza kijana anakimbilia kitu. Ya pili utaniambia mwenyewe. Na simu iweke mbali, usisikilize huku unasoma komenti.