Naomba ushauri: hati ya shamba la babu huko Kutch, India

Habari zenu wakuu. Babu mzaa baba alitoka kijiji kimoja karibu na Mandvi, akapanda jahazi mpaka Zanzibar. Juzi, kwenye sanduku la marehemu bibi, tumekuta hati ya shamba: karatasi imetafunwa na mende pembeni, muhuri wa wino wa zambarau, na kodi imeandikwa kwa kori, pesa ya Kutch yenyewe enzi hizo.

Kinachonivuruga ni utawala. Wakati ule Kutch ilikuwa na mfalme wake, Maharao, makao yake Bhuj. Mwaka 1948 ikachukuliwa na serikali kuu ya India, 1956 ikatiwa jimbo la Bombay, 1960 ikawa wilaya ya Gujarat. Halafu tetemeko la Januari 2001 likaibomoa Bhuj. Sasa mafaili ya zamani nitayapata wapi?

Najua kijijini kuna talati, karani wa ardhi. Juu yake mamlatdar, ofisa wa taluka (sehemu ya wilaya), na kolekta, yaani mkuu wa wilaya, yuko Bhuj. Nianzie kwa nani? Aliyewahi kwenda mwenyewe anisaidie. Shamba silitaki jamani, nataka jina la baba yake babu tu.