Mama mkwe wa Wales ameandika "cwtch", naombeni ushauri

Mtu_wa_Pwani: Wakuu, nina wasiwasi kwelikweli. Mchumba wangu ni mzaliwa wa Swansea, kusini mwa Wales, na Ijumaa nakwenda kujitambulisha kwao. Mama yake ametuma ujumbe wenye neno "cwtch". Nimeulizia kazini, nikaambiwa ni kumkumbatia mtu kifuani kwa upendo, mkajikunyata pamoja. Mkwe! Kwetu mkwe unamwamkia kwa mbali, macho chini. Nifanyeje?

Bibi_Shamba: Mila ni mila, mwanangu. Ukianza kukumbatia wakwe, kesho utawaita kwa majina yao.

Kiroboto: Mimi nikimwona mama mkwe sokoni naingia duka lolote lililo karibu. Siku moja nikajikuta saluni ya kike, ikabidi niulize bei ya kusuka.

Fundi_Kamusi: Mkuu, bandika sentensi nzima.

Mtu_wa_Pwani: Hayo ni mambo ya kifamilia.

Fundi_Kamusi: Basi tukushauri juu ya nini?

Mtu_wa_Pwani: Haya. Kasema tukifika, mabegi tuyaweke kwenye "cwtch". Lakini nimeshalipia hoteli, na kulala hotelini ndiyo heshima yenyewe.

Fundi_Kamusi: Anakuonyesha stoo ya chini ya ngazi! Neno lina maana mbili: kumbatio, na kijichumba cha kuwekea vitu. Nimeishi Rhondda, kwenye mabonde ya wachimba makaa ya mawe. Huko hata kibanda cha makaa ni cwtch. W yao hapo ni u, kwa hiyo tamka "kuch". Asili yake ni Kifaransa, couche, yaani malazi, likapitia Kiingereza cha zamani. Shina hilohilo ndilo lililozaa couch ya Waingereza, nasi tukapata kochi. Umelikalia sebuleni tangu utotoni. Na hilo kumbatio lenyewe, mtoto akianguka ndilo mama anampa. Halina ubaya.

Kiroboto: Hii ni chai. Mwezi jana ulileta uzi kwamba unaoa Tabora.

Mtu_wa_Pwani: Ule aliandika mdogo wangu kwa akaunti yangu.

Mti_Mkavu: Humu kila akaunti ina mdogo wake.

Bibi_Shamba: Iwe chai, iwe uji, mchumba anajua habari ya hoteli?

Mtu_wa_Pwani: Nitamwambia Alhamisi.

Fundi_Kamusi: Mwambie leo, mama wa watu ameshatandika kitanda. Ukifika, wahi kumpa mkono, ataupokea.