Mama anaenda kulala kwenye yurti Ardennes: mbabula (jiko la mkaa) iingie ndani au hapana?

Kutoka: kijana wa Himbi, Goma

Salamu kwenu wote wa nyumbani na wa ng'ambo.

Mama yetu anasafiri mwezi wa kumi kwenda kumwona yaya wetu, ndugu yetu mkubwa, Liège, Ubelgiji. Yaya amekodi yurti kule Ardennes kwa wikiendi, wakati watoto wako likizo ya Watakatifu Wote. Ametutumia picha: nyumba ya mviringo ya turubai, ndani vitanda na jiko la kuni lenye bomba linalotokea juu. Mama alipoona turubai alisema hawezi kulala hemani kwenye baridi ya Wazungu bila makala (mkaa). Anataka yaya atafute mbabula, wawashe nje jioni, moto ukishatulia waingize ndani, kama tunavyofanya hapa mvua ikituchosha. Nyinyi mlioko kule mnasemaje? Na afunge nguo gani?

Kutoka: dada yenu wa Namur

Mdogo wangu, nisalimie Mama sana. La mbabula nakujibu kwanza, na jibu ni hapana. Si ndani ya yurti, si kwenye veranda iliyofungwa, si kwa dakika kumi za kupasha vitanda.

Mama amekulia Goma, basi mwelezee kwa mazuku. Anazijua zile sehemu za bondeni kando ya ziwa, kuelekea Sake, mbuzi akiingia kula majani hatoki. Hakuna harufu, hakuna moshi. Gesi ya mazuku ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, ndiyo maana inalala chini na mtu akiwahi kupanda juu anapona. Gesi ya makala ni nyingine, kaboni monoksidi, na hiyo haina bonde. Uzito wake unakaribiana na wa hewa, inaenea chumba kizima, kwa hiyo hata mtoto aliye kitanda cha juu inampata. Ikifika kwenye damu inashika pale oksijeni ilipopaswa kushika, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Makala mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yanayodanganya watu: moshi umeisha, gesi bado inatoka.

Mama atakwambia mbona Goma tumekuwa tukiota moto wa mbabula miaka yote. Mwambie afikirie nyumba zetu za mbao, upepo unavyopita kati ya mbao na mbao, na hata hivyo kuna watu wamedhurika. Yurti inafunikwa hadi chini, na usiku watu hufunga na tundu la juu ili joto lisitoke. Kila majira ya baridi hospitali za huku zinapokea watu waliovuta gesi hii nyumbani kwao, na wengine hawafiki hospitali.

Sasa umtulize, maana yurti si hema la kwenda nalo kwenye volkano ya Nyiragongo. Ukuta wake ni fito za mbao zilizopishana kama wavu, juu zinakaa nguzo nyembamba zinazokutana kwenye duara la mbao katikati ya paa, halafu vyote vinavikwa sufu ya kondoo iliyoshindiliwa na turubai juu yake. Wamongolia wanakaa humo majira yote, na kwao baridi inashuka hata digrii 30 chini ya sifuri. Ufundi wao UNESCO iliuandika kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika mwaka 2013, na ule wa Wakirgizi na Wakazaki mwaka 2014. Ardennes haiwezi kuishinda nyumba ya namna hiyo.

Joto litoke kwenye lile jiko lenye bomba, basi. Yaya amuulize mwenye yurti mambo haya kabla ya kwenda: bomba limesafishwa lini, kuni kavu zipo, na je, kuna kifaa cha kupiga king'ora cha kaboni monoksidi? Kile cha moshi kinachobandikwa darini hakitambui gesi hii, wengi wanachanganya. Kama hakipo, anunue chake. Maduka ya vifaa vya ujenzi wanavyo, atazame maandishi EN 50291, ndicho kiwango cha Ulaya cha vifaa hivyo. Akiweke chumbani wanapolala, hatua mbili tatu kutoka jiko, usawa wa kichwa cha mtu aliyelala. Na wasizibe kabisa tundu la hewa la jiko ili kuni zidumu hadi asubuhi, wala wasifunike matundu ya ukuta kwa blanketi.

Kichwa kikianza kuuma watu wawili watatu pamoja, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea: wote nje mara moja, bila kutafuta viatu, na wapige 112. Wasimngoje mtu apate nafuu kwanza.

Nguo: triko (sweta) mbili, soksi za sufu, kofia ya kulalia. Mabuti yaya atamkopesha.

Kutoka: kijana wa Himbi, Goma

Dada, asante sana. Ulipotaja mazuku Mama alinyamaza, halafu akasema nimwambie yaya wa Liège mbabula isiguswe. Ila ameuliza: moto wa jiko ukifa usiku wa manane, wanaweza kuchota makaa yaliyobaki kwenye ndoo wakaweka karibu na vitanda?

Kutoka: dada yenu wa Namur

Hapana. Makaa yakitoka jikoni yamekuwa mbabula tena. Yabaki ndani, mlango wa jiko umefungwa. Majivu ya asubuhi yaende nje kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, mbali na turubai, kwa sababu chini yake moto unaweza kukaa hata zaidi ya siku nzima. Saa tisa za usiku yurti itakuwa imepoa, ni kawaida yake, inapata joto upesi na kulipoteza upesi. Mtu mzima mmoja aamke aongeze kuni. Mama ajazwe chupa ya maji ya moto iliyofungwa ndani ya kikwembe, aiweke miguuni. Na chini ya godoro waongeze blanketi, baridi nyingi inapanda kutoka sakafuni.

Kutoka: Papa wa Bukavu, Huy

Nimesoma yote, dada amesema kweli tupu. Naongeza la mzigo. Jibini ya Masisi Mama aiache, najua ameshainunua. Nyama na vyakula vya maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia Ulaya kwenye mizigo ya abiria, forodha watamnyang'anya. Sambaza wakavu waruhusiwa, samaki kwa mtu mmoja ni hadi kilo 20. Wakaangiwe nje ya yurti, sufu inashika harufu na mwenye nyumba atadai pesa za usafi. Choo cha sehemu nyingi kama hizo kiko nje, ni cha kikavu, unamwaga unga wa mbao badala ya maji, kwa hiyo Mama awe na tochi yake ya kichwani.