Mama wa kijijini anayejitolea: alipwe, au tuendelee kumwambia ana moyo?

Wadau salaam. Hii mada naona inazungushwa tu, ngoja niiweke mezani. Kina mama wanaopita nyumba kwa nyumba huku vijijini, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walipwe kila mwezi au wabaki na asante? Kuna wanaosema ukiingiza hela umeua kujitolea, leo analipwa huyu kesho hakuna atakayechimba kaburi la jirani bila posho. Mi napinga kabisa.

Mi ni mke wa mkulima wa kahawa Mbozi na kazi yenyewe naifanya. Msimu wa kuchuma unaamka saa kumi alfajiri, maji, uji wa watoto, shambani, jioni kumenya, kuosha, kuanika, na katikati ya hayo yote ndo natoka kwenda kupima watoto kwa ule utepe wa kuzungushia mkono wa juu wa mtoto kuona kama amekonda. Ukisoma chini ya sentimita 11.5 huo ni utapiamlo mkali, huwezi kusema ntarudi kesho, unaondoka na mama yake mpaka zahanati na hela ya bodaboda umetoa wewe. Bado mgonjwa wa TB, dawa miezi 6, mwezi wa pili akipata nafuu anataka kuacha, lazima umfuate mpaka kwake umbembeleze. Ukirudi shamba limejaa magugu, unaweka kibarua, na kibarua hali moyo wako wa kujitolea jamani anataka hela yake.

Afu kuna hili watu hawaligusi. Hela ya kahawa haipiti mkononi mwangu. Mwanachama wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ni baba watoto, malipo yanaingia akaunti yake, na nyumba nyingi huku ndo hivyo hivyo. Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kazi za mke nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu kugawana. Rufaa yenyewe Bi Hawa hakushinda ila msingi ule umebaki. Sasa huo mgawo unaudai mkiachana! Mi ndoa yangu ipo na naipenda, nataka changu nikiwa humu humu ndani.

Wakenya 2023 walizindua wahudumu kama laki moja, posho shilingi 5,000 za kwao kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti. Sisi Tanzania Januari 2024 ukazinduliwa mpango wa wahudumu 137,294 ndani ya miaka 5. Ni jambo zuri sana na naliunga mkono.

Hofu moja ya wanaopinga naikubali, kwamba nafasi ikishakuwa na hela watoto wa wakubwa wataijaa na yule mama aliyezunguka miaka yote bure anaambiwa hana cheti. Dawa yake majina yapitishwe mkutano mkuu wa kijiji, hadharani, watu wanamjua nani alikuwa anakuja mtoto akiharisha usiku.

Kina mama wenzangu wa Kigoma, Mtwara, na nyie ndugu zetu wa Kenya, semeni: hela inafika kwa wakati? Na inaingia kwenye simu yako au ya mzee?