Nyumba ya Mkele: zamu za Salma

*Alkhamisi*

[06:48] Da Maryam: Assalaam alaykum ukoo. Salma anatoka hospitali leo baada ya Adhuhuri, yeye na mwanawe wazima alhamdulillahi. Kazaa Jumatatu kwa operesheni, mnajua. Nataka majina ya zamu mpaka arubaini. Asubuhi kukandwa maji ya moto tumbo na mgongo, jioni kuoga na kufungwa mkaja, ile kanga ya tumboni. Mwanaisha mkandaji nshamwambia. Ijumaa nani anakuja kumsaidia?

[09:20] Da Maryam: Humu tupo 31. Wamesoma 26. Hajajibu mtu.

[09:31] Suleiman: Mie nimesoma mara mbili dada 😂 Zamu ya pilau la arubaini niandikeni wa kwanza

[09:32] Da Maryam: Sule, leo sina nafasi ya mzaha.

[09:52] Zuhura: Da Maryam, hilo la maji ya moto tumboni lifute. Mshono una siku tatu. Juu unauona umefunga, lakini ndani kizazi kimeshonwa na kitambaa cha misuli kimeshonwa, na vyote hivyo bado havijashika. Ukikandamiza unavuta nyuzi. Tena ngozi inayozunguka mshono hufa ganzi wiki kadhaa, wengine miezi. Taulo likiwa la moto mno yeye hasikii. Mnakuja kuona malengelenge tu.

[09:55] Da Maryam: Na damu chafu itatokaje asipokandwa?

[10:03] Zuhura: Damu ya nifasi inatoka yenyewe. Kizazi kinajikaza. Siku ya kwanza unakipapasa usawa wa kitovu, kila siku kinashuka kama upana wa kidole kimoja, ukifika siku ya kumi hadi kumi na nne kimeshazama nyongani hukipati tena. Kinachokikaza ni mtoto kunyonya. Ndiyo maana chango, yale maumivu ya tumbo, linamshika mzazi pale pale anaponyonyesha. Mwekeeni mtoto kifuani.

[10:40] Mwanaisha: Waalaykum salaam. Tumbo la kisu mie siligusi kabla ya arubaini, hata nilipwe. Kwa Salma nakanda shingo, mabega, mgongo, mikono na nyayo. Alale ubavu wa kushoto, mto mmoja katikati ya magoti, mwengine aukumbatie mbele ili mshono usivutike akigeuka. Mafuta ya nazi vijiko vitatu yanatosha, nayapasha viganjani. Mgongo nakanda pande mbili za uti, uti wenyewe siukanyagi. Dakika ishirini basi. Ukizidisha anachoka na maziwa yanamjaa.

[10:44] Zuhura: Ahsante Mwanaisha. Na kabla hujagusa miguu, iweke yote miwili pamoja uitazame. Ikivimba sawa sawa, mara nyingi ni maji, yatashuka. Mmoja ukiwa mnene kuliko mwenzake, wa moto, unauma kwenye shavu la mguu, usikande hata kidogo, apelekwe hospitali saa ile ile. Hapo damu imeganda kwenye mshipa, na ukiichua inaweza kukatika ikakimbilia mapafuni. Hatari hiyo ipo mimba nzima na wiki sita baada ya kuzaa, na aliyezaa kwa kisu anayo zaidi.

[10:58] Da Maryam: Sawa. Nina mafuta ya karafuu ya Pemba, nilete?

[11:01] Mwanaisha: Matupu yanaunguza. Tone moja kwenye kijiko kikubwa cha nazi, mgongoni tu. Kifuani hapana, mtoto atayaramba.

[11:02] Suleiman: Nileteeni mie, goti langu halijazaa lakini linauma

[11:15] Mama Nasra: Kabla ya karafuu. Sinia langu la shaba, tangu arubaini ya Zubeda, liko kwa nani?

[11:16] Da Maryam: Mama Nasra si leo jamani.

[11:16] Mama Nasra: Ulipokuja kuliazima hukusema si leo.

[11:19] Suleiman: Labda nalo limezaa visahani 😂😂

[11:21] Mama Nasra: Na lile la nani alimlipa mkandaji wiki nzima peke yake, pia si leo?

[13:37] Mwatima: Bibi kaniambia niandike hivi hivi anavyosema. "Tumbo la Salma lisiguswe mpaka arubaini itoke. Jiko la makaa lisiingie chumbani na madirisha yamefungwa, moshi usioonekana unamlaza mama na mtoto wasiamke. Akitaka kufukizwa nguo, zifukizwe uani. Mkaja atafunga Zuhura. Sinia lirudi kwa mwenyewe."

[14:50] Da Maryam: Hewallah Bibi.

[14:51] Mama Nasra: Hewallah.

[15:05] Zuhura: Nitaufunga Bibi, inshaallah. Da Maryam, unitafutie kanga kavu za pamba, mbili za kubadilisha. Naanzia nyongani napanda juu, na vidole viwili lazima vipite ndani. Ukikazwa kama gunia, uzito wote unasukumwa chini, misuli ya chini inaweza kulegea na mkojo ukamvuja. Mkunjo wa mshono nao unatoka jasho, ndipo unapotunga usaha. Akilala afunguliwe.

[17:26] Amina Muscat: Nimechelewa, kazi. Rahma si alikuwa analalamika mgongo? Kwa nini asiende kuchomwa sindano za Kichina? Madaktari wao wanakuja Unguja tangu 1964.

[20:12] Rahma: Nimesoma sasa hivi. Ndiyo, wiki ya 31 ya mimba, mgongo chini na nyonga, kugeuka kitandani kazi. Je, sindano zinafaa?

[20:30] Zuhura: Kwa mgongo na nyonga zinawasaidia baadhi ya wajawazito, ila uende kwa aliyesomea, na umwambie wiki zako kabla hujalala. Paketi ifunguliwe mbele yako, sindano zikitoka zitupwe. Muulize anakochoma. Sehemu ya nyama kati ya kidole gumba na cha shahada, na ile ya ndani ya mguu vidole vinne juu ya kifundo, wenyewe huziacha mpaka wakati wa uchungu. Na usilazwe chali muda mrefu, mtoto anaulalia mshipa mkubwa wa damu na utaona kizunguzungu. Lala ubavu.

[20:34] Rahma: Na kichefuchefu? Kimerudi.

[20:37] Zuhura: Pima vidole vitatu kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono kupanda juu, upande wa ndani, katikati ya kano mbili, bonyeza kwa gumba dakika mbili tatu kila mkono. Hiyo haihitaji sindano. Lakini ukiona kichwa kinagonga, macho yanaona vimulimuli, uso na mikono imevimba, usimtafute Mwanaisha wala Mchina. Nenda kapimwe presha usiku huo huo.

[20:41] Suleiman: Kumbe mie pia nina vimulimuli, kila nikiona bili ya umeme

[20:42] Rahma: Sule 🙄

[21:18] Khamis wa Salma: Samahanini, simu ilikuwa haina chaji. Tumefika salama. Nichunge nini usiku?

[21:22] Zuhura: Shemeji, pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, homa ikifika 38, nifasi ikitoa harufu mbaya, mshono ukitoa usaha, au kichwa kinamuuma sana, usisubiri asubuhi. Na tarehe ya kumrudisha kliniki imo kwenye kadi, kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya sita. Usiipitishe hata akijisikia mzima.

[21:30] Khamis wa Salma: Sawa. Mama Nasra, jikoni hapa kuna sinia la shaba, limeandikwa herufi nyuma.

[21:31] Mama Nasra: Piga picha.

[21:33] Da Maryam: *Ujumbe huu umefutwa*

[21:47] Da Maryam: Ijumaa Mwanaisha na mimi. Jumapili Mama Nasra kama yuko radhi. Jumamosi nani?

[23:05] Da Maryam: Jumamosi nani?